Hadithi Moja, Majalada Mawili: Ugawanyaji wa Filamu Ndefu na Kituo cha Kati katika Filamu za Video za Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua desturi ya kugawanya filamu moja ndefu na kuitoa sokoni kama kazi mbili, kwa kurejelea filamu za video za Kiswahili zilizotengenezwa na kutazamwa katika maeneo ya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam. Aghalabu desturi hiyo huelezwa kuwa ni hila ya kibiashara, na maelezo huishia hapo. Makala inaonesha kwamba mahali hadithi inapokatwa ni sehemu ya muundo wake, na kwamba mkato huo una athari katika msuko, lugha na maana. Kwa kutumia dhana ya kina cha kati kutoka katika arudhi ya Kiswahili, makala inapendekeza kigezo cha kutofautisha mgawanyo unaojengwa na hadithi na mgawanyo unaolazimishwa na urefu wa diski. Inahitimishwa kwamba sehemu mbili za filamu ya namna hii ni matini moja, na kwamba mtafiti anayechambua sehemu moja peke yake hujiweka katika hatari ya kuhukumu hadithi ambayo bado haijasimuliwa.

Maneno makuu: filamu za Kiswahili, ugawanyaji, kituo cha kati, msuko, taharuki, matini pembezoni

1.0 Utangulizi

Mtazamaji wa Mbagala au Tandale aliyenunua filamu ya Kiswahili katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 alizoea jambo moja: mara nyingi hadithi haikuishia katika diski aliyoinunua. Jalada lilibeba jina la filamu, picha za wahusika wakuu na, pembeni, namba iliyomweleza kwamba hiyo ni sehemu ya kwanza. Baada ya saa moja na dakika kadhaa, mhusika mkuu alifukuzwa nyumbani, au alizirai, au alifumaniwa, na skrini ikamtaka mtazamaji asikose sehemu ya pili. Sehemu hiyo iliuzwa katika jalada lake, kwa bei yake, na wakati mwingine kwa tarehe yake.

Malalamiko juu ya desturi hii yalikuwa ya kawaida vijiweni na magazetini, nayo yalikuwa na msingi. Mtu aliyelipa mara mbili ili aijue hadithi moja ana haki ya kuuliza amepewa nini mara ya pili. Hata hivyo, katika taaluma ya fasihi swali hilo lina upande mwingine. Iwapo hadithi imekatwa, imekatwa wapi? Nani aliyechagua mahali pa kukata? Je, sehemu ya kwanza ina umbo lake, au ni kipande tu cha kitu kilichovunjwa? Na mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayeandika tasnifu kuhusu taswira ya mwanamke katika filamu kumi, je, amechagua filamu kumi au tano?

Makala inaanza kwa kutofautisha istilahi, kisha inaeleza chimbuko la desturi yenyewe, inachambua kituo cha kati kama kipengele cha msuko na cha lugha, na kumalizia kwa kuonesha athari zake katika mbinu za utafiti.

2.0 Ugawanyaji, Mwendelezo na Mfululizo

Katika mazungumzo ya kila siku, filamu yoyote yenye namba ya pili huitwa “sehemu ya pili”. Kwa mhakiki, jina hilo linafunika mambo matatu tofauti.

La kwanza ni mfululizo. Riwaya za Elvis Musiba zinazomhusu Willy Gamba, yaani Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981), zina shujaa mmoja, lakini kila moja ina tatizo lake na utatuzi wake. Ndivyo ilivyo pia kwa riwaya za Muhammed Said Abdulla zinazomhusu Bwana Msa. Msomaji anaweza kuanza na yoyote miongoni mwake bila kupotea.

La pili ni mwendelezo. Hapa kazi ya kwanza ilikamilika, ikapokelewa, kisha mtunzi akarudi kwa wahusika wale wale au ulimwengu ule ule na kuuliza nini kilifuata. Uhusiano wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi umejadiliwa kwa mwelekeo unaokaribia huu: riwaya mbili fupi zinazosomwa kwa jozi, ingawa kila moja inasimama katika majalada yake.

La tatu ndilo linalohusika hapa, yaani ugawanyaji. Hadithi ilibuniwa ikiwa moja, aghalabu ikapigwa picha kwa pamoja, kwa wahusika wale wale na katika nyumba zile zile, kisha ikatolewa kwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza haina utatuzi wa mgogoro mkuu, na sehemu ya pili haina utambulisho wa wahusika. Kwa kigezo cha Aristotle cha mwanzo, kati na mwisho, kila sehemu ina upungufu. Kinachokamilika ni jumla yake.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu kila aina huweka ahadi yake kwa hadhira. Mfululizo humwahidi mtazamaji kukutana tena na mtu anayemfahamu, na mwendelezo humwahidi habari mpya. Filamu iliyogawanywa, kwa upande wake, humdai mtazamaji na kudaiwa naye kwa wakati mmoja: yeye hajamaliza kulipa, nayo haijamaliza kusimulia.

3.0 Chimbuko la Desturi

3.1 Mapumziko ndani ya tiketi moja

Hadhira ya Dar es Salaam iliifahamu hadithi yenye nusu mbili kabla ya diski kuwapo. Kumbi za mjini kama vile Empire, Avalon, Empress na Odeon zilionesha filamu za Kihindi kwa miongo mingi, na historia ya kumbi hizo imeandikwa kwa kina na Laura Fair (2018). Sinema ya wazi iliyofunguliwa mwaka 1966 upande wa Msasani, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani, iliongeza hadhira hiyo hiyo kwa kuwaruhusu watu kutazama wakiwa ndani ya magari yao. Filamu ya Kihindi ya wakati huo ilikaribia saa tatu au kuzizidi, na ilitungwa kwa kuzingatia mapumziko ya katikati. Nusu ya kwanza iliishia penye mkasa: siri imefichuka, ndugu wametengana, shujaa ameshindwa. Watazamaji walitoka kununua karanga na soda huku wakibishana kuhusu kitakachofuata, kisha wakarudi kwenye viti vyao.

Mapumziko hayo yalikuwa ndani ya tiketi moja. Aliyeingia alikuwa na uhakika wa kuujua mwisho usiku ule ule. Filamu ya video iliyogawanywa ilichukua umbo hilo la nusu mbili na kuliweka kati ya malipo mawili. Kimuundo hilo ni badiliko dogo, lakini kwa mtazamaji ni badiliko kubwa, kwa sababu mapumziko ya dakika kumi yaligeuka kuwa subira ya siku au wiki kadhaa.

3.2 Hesabu ya diski

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Filamu za video za Kiswahili zilipoanza kushika soko, hasa baada ya Girlfriend (2003) iliyoongozwa na George Tyson, diski ya VCD ilikuwa ikichukua nafasi ya mkanda wa VHS. Mkanda uliweza kubeba saa tatu. Diski ya VCD hubeba takribani dakika 74 hadi 80.

Hesabu hii inaeleza mengi. Hadithi ya dakika 90, ambao ni urefu wa kawaida wa filamu, ni ndefu mno kwa diski moja na fupi mno kwa diski mbili. Ikikatwa penye uwezo wa diski, diski ya pili itakuwa na dakika 10 au 16 tu, na hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye angeweza kuiuza diski hiyo kama bidhaa inayojitegemea. Mtayarishaji alikuwa na njia mbili: kuipunguza hadithi iingie katika diski moja, au kuirefusha ijaze mbili. Soko lililolipa kwa idadi ya diski lilimwelekeza kwenye njia ya pili. Hapa ndipo penye asili ya mandhari ambazo watazamaji wamezitania kwa muda mrefu: gari linalosubiri geti lifunguliwe, likaingia taratibu, likaegeshwa, mhusika akashuka, akafunga mlango, akatembea hadi sebuleni, na yote hayo yakaoneshwa bila kukatwa.

Pamoja na hayo, teknolojia haitoshi kuwa maelezo kamili. Filamu za Kihindi katika VCD ziliuzwa zikiwa na diski mbili au tatu ndani ya jalada moja. Aidha, DVD ya kawaida yenye uwezo wa gigabaiti 4.7 ilipoenea, filamu ya saa mbili iliweza kuingia katika diski moja, lakini majalada mawili yaliendelea kutolewa. Kwa maneno mengine, diski ilitoa sababu ya kugawanya picha. Kuwa na majalada mawili ulikuwa uamuzi wa biashara. Ni kejeli ya historia kwamba wauzaji wa diski za mkusanyiko, waliobana filamu nyingi katika DVD moja bila idhini ya mtu yeyote, ndio waliodhihirisha kwamba kizuizi cha kiufundi kilikuwa kimekwisha.

3.3 Mfano wa Lagos

Sababu ya tatu ni mfano uliokuwapo tayari. Living in Bondage (1992), filamu ya Kiigbo iliyoongozwa na Chris Obi Rapu na kutayarishwa na Kenneth Nnebue, ilifuatiwa na sehemu ya pili mwaka 1993, na biashara ya filamu za Nijeria ikajengwa kwa sehemu kubwa juu ya utaratibu wa sehemu mbili au zaidi. Ikumbukwe kwamba huko desturi hiyo ilianza katika enzi ya mkanda wa VHS, jambo linalothibitisha tena kwamba ufinyu wa diski si chanzo pekee. Filamu za Nijeria zilipoingia Dar es Salaam, ziliingia na umbo lao. Steven Kanumba, aliyeshirikiana na waigizaji wa Nijeria katika Dar 2 Lagos (2006) na baadaye pamoja na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom (2011), ni kielelezo cha ukaribu wa tasnia hizo mbili.

3.4 Hadithi za magazetini

Sababu ya nne inatoka ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Msomaji wa magazeti pendwa alikuwa amezoea riwaya inayotoka kwa vipande na kuishia na neno “itaendelea”. Riwaya za Eric Shigongo zilisomwa hivyo na wengi kabla ya kuwa vitabu. Waandishi wa riwaya pendwa, akiwamo Hammie Rajab, waliingia pia katika filamu, na bila shaka walikuja na ujuzi wa kumwacha msomaji njia panda. Lakini gazeti lilikuwa na siku yake ya kutoka, na msomaji alijua atapata kipande kinachofuata lini. Sehemu ya pili ya filamu ilitegemea msambazaji, na katika mitaa ya pembezoni ilitegemea pia kama mmachinga ameileta.

4.0 Kituo cha Kati na Kina Chake

4.1 Funzo kutoka katika arudhi

Neno “kituo” linatumika hapa kwa maana yake ya kawaida ya mahali pa kusimama, na wala halirejelei mshororo wa mwisho wa ubeti. Hata hivyo, arudhi ya Kiswahili ina dhana inayofaa sana kueleza filamu iliyogawanywa. Mshororo wa tarbia ya kawaida una mizani 16, nao hugawanyika katika vipande viwili vya mizani minane minane: ukwapi na utao. Ukwapi mara nyingi haukamilishi maana, lakini haukatwi popote tu. Unaishia kwenye kina cha kati, na msikilizaji anaposikia kina hicho anatambua mambo mawili kwa pamoja: kwamba kipande kimetimia, na kwamba mshororo haujatimia. Mtu anayehesabu mizani minane na kukata bila kina huwa amepata kipimo bila kupata shairi.

Kigezo hicho kinaweza kutumika katika filamu. Mgawanyo wenye kina ni ule ambao sehemu ya kwanza inajibu swali moja iliyolianzisha yenyewe na, kwa jibu hilo hilo, inafungua swali kubwa zaidi. Mgawanyo usio na kina ni ule ambao picha imesimama kwa sababu dakika zimekwisha.

4.2 Mifano kutoka sinema za nje

Filamu mbili zilizogawanywa kwa ajili ya kumbi za sinema zinaonesha kigezo hicho kwa uwazi, kwa kuwa historia ya mgawanyo wake inajulikana. Kill Bill ya Quentin Tarantino ilipigwa picha ikiwa filamu moja, kisha ikatolewa kwa sehemu mbili, Oktoba 2003 na Aprili 2004. Sehemu ya kwanza inakamilisha kisasi dhidi ya maadui wawili, na katika sentensi yake ya mwisho hadhira inapata habari ambayo shujaa mwenyewe hana: mtoto wake yu hai. Kisasi kimejibiwa, uzazi umefunguliwa.

Gangs of Wasseypur ya Anurag Kashyap ina jumla ya dakika 319. Ilioneshwa Cannes mwaka 2012, kisha ikatolewa India kwa sehemu mbili, Juni na Agosti mwaka huo, kwani ukumbi wa kawaida hauwezi kupanga ratiba ya filamu ya zaidi ya saa tano. Mkato uliwekwa penye kifo cha baba. Sehemu ya kwanza ni ya kizazi chake. Ya pili ni ya wanawe. Msambazaji alihitaji saa mbili na nusu, na hadithi ilikuwa na mpaka wa vizazi karibu na hapo. Mahitaji mawili yakakutana.

Ifahamike pia kwamba mgawanyo si njia pekee ya kukabiliana na urefu. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N’kuvute (1999), kuwa filamu mwaka 2021, alichagua kupunguza: filamu moja iliyobeba sehemu tu ya mambo yaliyomo katika riwaya. Kupunguza humnyima mtazamaji baadhi ya matukio, ilhali kugawanya humnyima mwisho kwa muda. Kila njia ina gharama yake.

4.3 Mfano wa ufafanuzi

Chukulia hadithi ifuatayo, iliyobuniwa kwa ajili ya maelezo haya tu, lakini iliyojengwa kwa mambo ya kawaida katika filamu za Dar es Salaam. Mume anayeishi Mbagala anasafiri kwenda Mtwara kununua korosho. Akiba yake anaiacha sandukuni. Mke anaonekana sokoni Tandika akipokea bahasha kutoka kwa mwanamume asiyefahamika. Mume anarudi, sanduku ni tupu, jirani anasema alichokiona, na mke anafukuzwa usiku akiwa na mtoto mgongoni. Baadaye inabainika kwamba yule mwanamume ni kaka yake wa baba mmoja aliyekuwa akilipa deni, na kwamba aliyechukua akiba ni mama mkwe.

Hadithi hii inaweza kukatwa mahali patatu. Kwanza, dakika ya 74, katikati ya maneno ya jirani, kwa sababu diski imejaa. Hapo hakuna swali lililojibiwa. Pili, mke anapovuka kizingiti na mlango kufungwa. Hapo taharuki ni kubwa, lakini jibu pekee ambalo hadhira inalo ni la uongo. Tatu, baada ya mlango kufungwa, kamera inabaki ndani na kumwonesha mama mkwe akirudisha ufunguo wa sanduku kwenye pindo la kanga yake. Hapo swali la kwanza, nani kachukua, limejibiwa kwa hadhira. Swali la pili, je, mume atajua, limezaliwa. Huo ndio mkato wenye kina.

Tofauti kati ya mkato wa pili na wa tatu ni picha moja ya sekunde chache. Lakini picha hiyo inabadilisha kile ambacho watazamaji wanaondoka nacho. Katika mkato wa pili, hadhira inakaa wiki nzima ikiamini kwamba mke ni mwizi na msaliti, na inazungumza hivyo nyumbani na kibandani. Katika mkato wa tatu, hadhira inakaa wiki hiyo hiyo ikijua kwamba amedhulumiwa. Hadithi ni ile ile na mwisho ni ule ule, ila kinachofikiriwa wakati wa kusubiri ni kinyume kabisa.

Wolfgang Iser (1978), alipojadili riwaya zilizochapishwa kwa vipande katika karne ya 19, alieleza kwamba pengo kati ya kipande na kipande humfanya msomaji ashiriki zaidi katika kuijenga hadithi, kwa kubuni mwenyewe kinachoweza kufuata. Hoja hiyo inahitaji nyongeza inapoletwa Temeke. Hadhira ya kibanda cha video haijazi pengo kimyakimya. Aliyeiona sehemu ya pili huwasimulia wasioiona, wengine hubisha, na wengine hutabiri kwa kutumia kanuni wanazozijua, mathalani ile isemayo kwamba staringi hafi. Pengo linajazwa kwa masimulizi ya ana kwa ana, na kwa namna hiyo filamu iliyogawanywa inarudi kwa muda katika fasihi simulizi.

5.0 Lugha ya Kituo

Ugawanyaji una alama zake katika lugha ya wahusika. Alama tatu zinastahili kutajwa.

Alama ya kwanza hujitokeza kuelekea mwisho wa sehemu ya kwanza, nayo ni kuongezeka kwa kauli zinazoelekea wakati ujao na zisizotimizwa: vitisho, viapo na maswali. Kiambishi -ta- hubeba mzigo mkubwa katika kauli kama vile “utanitambua” au “nitarudi, na siku hiyo utalia”. Kisemantiki kauli hizi ni ahadi za mhusika kwa mhusika. Kipragmatiki ni ahadi za filamu kwa mnunuzi.

Alama ya pili hupatikana mwanzoni mwa sehemu ya pili, ambapo mazungumzo hufanya kazi ya kukumbusha. Mhusika humweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua: “si unakumbuka siku ile niliporudi kutoka Mtwara, nikakuta sanduku tupu, nikamfukuza mke wangu”. Kiambishi -ka- cha masimulizi hubana matukio ya saa nzima katika sentensi moja. Katika mazungumzo ya kawaida kauli hiyo ingekuwa ya ajabu, kwa sababu inakiuka matarajio kwamba mtu haelezi kinachojulikana tayari. Inaeleweka tu pale inapotambuliwa kwamba mwambiwa halisi ni mtazamaji aliyeikosa sehemu ya kwanza, au aliyeisahau. Mhakiki anayeihesabu kauli hiyo kuwa udhaifu wa mtunzi anapaswa kwanza kujiuliza iko wapi katika mgawanyo. Ikiwa imo katika dakika za mwanzo za sehemu ya pili, ina kazi. Ikiwa imo katikati ya sehemu ya kwanza, ni urefushaji.

Alama ya tatu imo nje ya hadithi, katika kile ambacho Gérard Genette (1987) alikiweka katika kundi la matini pembezoni: jalada, namba ya sehemu, maandishi ya mwisho yanayomwita mtazamaji, na vionjo vya sehemu ijayo. Katika filamu nyingi jina na namba ya sehemu viliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo ni ya Kiswahili. Kwa hiyo mpaka wa hadithi uliwekewa alama kwa lugha tofauti na lugha ya hadithi. Mgawanyo wa kazi kati ya lugha hizi mbili unaeleweka: Kiswahili kilisimulia, Kiingereza kikaitambulisha bidhaa.

6.0 Athari kwa Utafiti

Mjadala huu una matokeo ya moja kwa moja kwa wanafunzi na wasimamizi wao. La kwanza linahusu sampuli. Filamu iliyogawanywa ihesabiwe kuwa matini moja yenye sehemu mbili. Kuihesabu mara mbili kunaongeza idadi bila kuongeza ushahidi, na kuchambua sehemu moja kunapotosha matokeo. Katika mfano uliotolewa juu, anayesoma sehemu ya kwanza peke yake ataandika kwamba filamu inamchora mwanamke kama msaliti anayestahili adhabu. Anayesoma zote mbili ataandika kwamba filamu inakemea haraka ya waume na hila za wakwe. Hitimisho hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na kosa halitakuwa la filamu.

La pili linahusu muda. Hata baada ya kusoma sehemu zote mbili, mtafiti asiifute subira iliyokuwa kati yake. Maana ya kazi kwa hadhira yake ya awali ilijumuisha siku ambazo mke yule aliaminika kuwa na hatia. Kwa sababu hiyo, uchambuzi wa dhamira ueleze kwa uwazi hadhira iliachwa na imani gani penye kituo cha kati, na kama sehemu ya pili iliisahihisha imani hiyo au iliithibitisha.

La tatu linahusu tathmini ya ubora. Si haki kumlaumu mtunzi wa mswada kwa kila mandhari iliyorefushwa. Aghalabu mtayarishaji aliuza haki za kazi kwa msambazaji kwa malipo ya mkupuo, na urefu wa kila sehemu uliamuliwa na mahitaji ya soko. Vilevile si haki kusamehe kila kitu kwa jina la soko, kwani mifano iliyotangulia inaonesha kwamba mkato wenye kina hauhitaji fedha za ziada. Unahitaji mtu wa kuuliza, kabla ya kupiga picha, ni swali gani litajibiwa katika diski ya kwanza.

La nne, na lenye uharaka zaidi, linahusu uhifadhi. Biashara ya diski imefifia. Utunzi umehamia katika tamthiliya za chaneli kama vile Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, ambako kituo huja kila kipindi kinapoisha, na filamu za zamani zinapatikana zaidi YouTube. Huko zinawekwa kwa maumbo mbalimbali: sehemu mbili zikiwa zimeunganishwa, zikiwa zimekatwa upya kuwa vipande vifupi, au sehemu moja ikiwa imepotea. Majalada hayapo. Maandishi ya mwisho wa sehemu ya kwanza mara nyingi yameondolewa. Mtafiti atakayeangalia toleo lililounganishwa ataona mandhari ya kukumbusha katikati ya filamu na kuiita kosa la uhariri, wakati ni kovu la mahali palipokatwa. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba tasnifu zinazohusu filamu za kipindi hicho zitaje toleo lililotumika, urefu wa kila sehemu kwa dakika, tukio lililowekwa penye kituo cha kati, na, inapowezekana, nakala ya majalada yote mawili. Kila nukuu ya mazungumzo itajwe kwa sehemu na dakika. Taarifa hizo huchukua nusu ukurasa tu, na baada ya miaka michache huenda zisipatikane mahali pengine popote.

7.0 Hitimisho

Ugawanyaji wa filamu ndefu katika soko la Dar es Salaam ulitokana na mambo manne yaliyokutana: mazoea ya mapumziko ya sinema, ufinyu wa diski, mfano wa Lagos, na desturi ya hadithi za magazetini. Biashara ndiyo iliyoamua kuwe na majalada mawili. Mahali pa kukata, hata hivyo, palibaki kuwa suala la utunzi, na hapo ndipo kazi zinapotofautiana. Arudhi ya Kiswahili imekuwa na jina la tofauti hiyo kwa karne nyingi: kuna ukwapi unaofika kwenye kina chake, na kuna maneno yaliyokatwa penye mizani ya nane. Mtazamaji wa Tandika aliyelipa mara mbili aliihisi tofauti hiyo bila kuhitaji istilahi. Kazi ya mhakiki ni kuieleza, na kuieleza kunaanza kwa kuziweka mezani diski zote mbili.